Ngitili ya Baba na Biashara ya Ulimwengu

Ndugu wasomaji, nataka kuwasimulia habari moja ya nyumbani kwangu. Ni habari ndogo, ya ekari kumi na mbili za miti na majani. Lakini nimeifikiri siku nyingi, nami naona ya kuwa ndiyo habari ile ile wanayoshindania wakubwa wa dunia katika mikutano yao. Tofauti ni kwamba wao hukaa juu ya viti vizuri, na sisi tulikaa juu ya vigoda uani, moshi wa kuni ukituingia machoni.

Mwaka jana, baada ya mavuno mabaya ya pamba, mwanangu wa pili alikuja kwangu jioni. Ni mtu mzima, ana mke na watoto watatu. Akaniamkia, akakaa kimya. Kijana akikaa kimya hivyo mbele ya baba yake, ujue ana neno zito tumboni. Nikamngoja. Halafu akasema, "Baba, naomba tuikate ngitili."

Kwa ninyi msiokaa Usukumani, ngitili ni sehemu ya malisho ambayo mwenyewe huifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii humo. Majani huota, miti midogo huchipuka, na wakati wa kiangazi, majani ya kwingine yanapokwisha, hufunguliwa ili ndama, maksai na ng'ombe waliozeeka wapate kula. Ni ghala, ila ghala lake halina ukuta. Nayo ni desturi ya wazee wetu, haikuletwa na mgeni.

Mwanangu alikuwa amekwisha kuongea na mnunuzi wa mkaa kutoka mjini. Mtu huyo alitaka miti yote, migunga na yote mingine, akaahidi shilingi milioni tatu, na kazi ya kukata na kuchoma ingekuwa juu yake. Kwa fedha hizo mwanangu angenunua pikipiki, awe anabeba abiria na mizigo mpaka mnadani. Wala hakuwa anaomba fedha za ulevi. Alikuwa na deni la dawa za pamba, na mtoto wake wa kwanza alikuwa akiingia sekondari. Nisingeweza kumwita mpumbavu.

Nikamwambia, "Mwanangu, nipe juma moja." Akaitikia, lakini usoni nikaona hakuridhika.

JINSI NCHI YETU ILIVYOKUWA JANGWA

Juma lile sikulala vizuri. Nilikumbuka mambo ambayo mwanangu hakuyaona.

Zamani za wakoloni, tangu miaka ya 1920, mapori mengi ya Shinyanga yalikatwa kwa amri ili kufukuza mbung'o. Mbung'o wakaondoka kweli, tukapata nafasi ya kufuga. Kisha ikaja pamba, watu wakafyeka tena ili kuongeza mashamba. Ng'ombe wakazidi, watu wakazidi. Mwaka 1974 na 1975 tulihamishwa kwenda katika vijiji vya maendeleo, na wengi wakaziacha ngitili zao mbali, bila mlinzi. Kitu kisicho na mlinzi ni cha kila mtu, na cha kila mtu huisha upesi.

Nilipokuwa kijana, mama yangu alikuwa akitoka alfajiri kutafuta kuni, akarudi jua la utosi. Siku nyingine tulipikia mabua ya mtama, siku nyingine mavi makavu ya ng'ombe, ambayo yangalikuwa mbolea shambani. Upepo wa kiangazi ukivuma, vumbi lilifunika nyumba hata usimwone jirani. Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa wetu mwaka 1984 alishtuka kuona ardhi ilivyokuwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ikisaidiwa baadaye na Wanorwe na wataalamu wa kilimo cha miti.

Mwanzoni mabwana miti walikuja na miche ya vitaluni, wakatuambia tupande. Miche mingi ilikufa kwa ukame na mchwa. Ndipo wakawauliza wazee, "Ninyi zamani mlifanyaje?" Wazee wakajibu, "Tulifunga ngitili." Kumbe visiki vilikuwa bado hai chini ya udongo! Mtu akifunga mahali misimu michache, miti huchipuka yenyewe bila kumwagiliwa. Basi desturi ikafufuliwa. Mkutano wa kijiji, ambao sisi twauita dagashida, ukaweka sheria, sungusungu wakalinda, na mwenye kuingiza ng'ombe wakati ngitili imefungwa akatozwa faini, hata awe ndugu wa mwenyekiti.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana katika mkoa mzima zilikuwa kama ekta 600 tu. Kazi ya HASHI ilipokwisha mwaka 2004, zilikuwa zimepita ekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule ulikuwa mkubwa kuliko wa leo, maana Simiyu ilikuwa bado haijatengwa. Mambo haya yalifanywa na watu wenye majembe na fimbo za kuchungia.

Baba yangu alifunga ekari zake kumi na mbili mwaka 1988. Watu walimcheka kwa kuwa aliacha ardhi ikae bure. Baba alikuwa na sababu yake ya kutosikia kicheko, nami nitaieleza huko mbele.

DUNIA NAYO YALA MBEGU YAKE

Mkulima yeyote ajua kwamba mavuno ni mafungu mawili, chakula na mbegu. Mwenye njaa hujaribiwa kula vyote. Akila mbegu atashiba mwezi mmoja, kisha mvua itamkuta hana cha kupanda. Wala si lazima awe mtu mbaya. Yawezekana watoto wake walikuwa wakilia.

Basi dunia nzima imekuwa ikifanya hivyo kwa miaka kama mia mbili. Imechimba makaa ya mawe, mafuta na gesi, vitu vilivyokaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka, ikavichoma ili kuendesha viwanda, magari na meli. Hata leo, sehemu kama nne kati ya tano za nguvu zote zinazotumika duniani zatokana na vitu hivyo. Moshi wake umeifunika dunia kama blanketi, na joto limezidi. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambao joto la dunia kwa mwaka mzima lilipita digrii moja na nusu juu ya lile la zamani kabla ya viwanda. Sisi hatukuhitaji kipimajoto ili kulijua jambo hili. Mvua za vuli zikichelewa, na zikija zikija kwa fujo zikachukua udongo pamoja na mbegu, twajua kuwa kuna jambo limeharibika.

Tena tukumbuke nani aliyekula. Afrika nzima, watu wake wote pamoja, hutoa kama sehemu nne tu katika mia za moshi huo kila mwaka. Aliyekula mbegu ni mmoja, na anayelala njaa ni mwingine.

Mwaka 2015, mjini Paris, karibu mataifa yote yalikubaliana kuzuia joto lisizidi. Mwaka ule ule Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliandika barua yake juu ya kuitunza dunia, nyumba yetu sote, akaonya kwamba shida ya ardhi na shida ya maskini haziwezi kutenganishwa. Tangu hapo neno lililo midomoni mwa wakubwa ni uchumi endelevu. Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni hii: kula mavuno, kuacha mbegu.

Sasa swali si tena kama dunia itabadilika. Inabadilika tayari. Bei ya vioo vya kushika umeme wa jua ilishuka kwa kama sehemu tisa katika kumi kati ya mwaka 2010 na 2020, na ndiyo maana hata sisi kijijini twaviona juu ya mapaa ya mabati. Mwaka 2024 magari zaidi ya milioni 17 yaliyouzwa duniani yalikuwa ya kuendeshwa kwa umeme. Jirani zetu wa Kenya hupata sehemu kubwa sana ya umeme wao kutoka mvuke wa ardhini kule Olkaria, maporomoko ya maji, na upepo wa Turkana. Swali ni hili: mabadiliko haya yatakwenda kwa njia ipi, nayo yatatukuta wapi sisi wa vijijini? Mimi naona njia tatu.

NJIA YA KWANZA: KUTOBADILIKA ILA KWA MANENO

Njia ya kwanza ni ya yule mnunuzi wa mkaa. Fedha leo, kesho itajijua yenyewe.

Nilipiga hesabu ya milioni tatu. Kuni kilo kumi katika tanuri la udongo hutoa mkaa kilo moja au mbili tu, nyingine zote hupotea kwa moshi. Kwa hiyo ningeuza kazi ya miaka zaidi ya thelathini, na sehemu kubwa yake ingepaa hewani kabla haijafika mjini. Halafu pikipiki huchakaa kwa miaka michache. Na kiangazi kikija, maksai wangu wangekula nini? Wataalamu waliopima faida za ngitili mkoani kwetu, miaka ya 2004 na 2005, walikuta kwamba kuni, majani, asali, dawa, matunda na miti ya kujengea, vikihesabiwa kwa fedha, vilimpa kila mtu kama dola 14 kwa mwezi. Wakati ule matumizi ya mtu wa kijijini nchini hayakufika dola tisa. Faida hiyo haionekani kwa sababu haiji na lori. Huja kidogo kidogo, kichwani mwa mama.

Dunia nayo yaweza kuchagua njia hii. Wakubwa watatia sahihi, watapiga picha, kisha watarudi kuchimba. Ikiwa hivyo, wa kwanza kuumia ni anayetegemea mvua.

NJIA YA PILI: KUBADILIKA BILA KUMJALI MDOGO

Hapa ndipo niwaeleze kwa nini baba yangu hakusikia kicheko.

Alipokuwa kijana, miaka ya 1950, baba alikwenda Tanga kuwa manamba katika shamba la mkonge. Siku zile Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000. Kwa fedha za mkonge baba alinunua ng'ombe wake wa kwanza. Lakini huko ng'ambo watu walikuwa wamekwisha kutengeneza kamba za nailoni na plastiki. Bei ya mkonge ikaanguka, na katika miaka iliyofuata mashamba mengi yakafungwa, mengine yakaota magugu. Hakuna aliyekuja kumwuliza mkata mkonge atakula nini. Dunia ilipiga hatua mbele, ikamkanyaga.

Baba alizoea kusema, "Mimi nimeona shamba lisilo na mwisho likiisha. Sitaweka chakula cha watoto wangu mahali pamoja tena." Basi alikuwa na pamba, akawa na mtama, akawa na ng'ombe, na juu ya hayo akafunga ngitili.

Basi, ndugu zangu, mabadiliko mazuri pia yaweza kumkanyaga mtu. Magari ya umeme yahitaji madini ya betri. Kobalti nyingi, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani, yatoka Kongo, hasa upande wa Kolwezi, na huko wako watu wanaoingia mashimoni kwa mikono mitupu, na watoto wamekutwa humo. Hewa ya miji ya ng'ambo itakuwa safi, lakini je, pumzi ya yule mtoto? Hata hapa kwetu iko nikeli ya Kabanga kule Ngara, na madini ya kinywe kule Mahenge na Lindi, nayo yatatakiwa sana. Twataka yachimbwe, naam, lakini si kama mkonge ulivyokwisha.

Kijijini kwetu njia hii ya pili ilikuja na viatu vyake. Mtu mmoja kutoka mjini alitujia na karatasi, akasema kuna matajiri wa ng'ambo watakaotulipa ili tusikate miti, kwa kuwa miti hunywa ule moshi wao. Jambo lenyewe si uongo. Wahadzabe wa bonde la Yaeda Chini, wilaya ya Mbulu, wamekuwa wakipata fedha kwa njia hiyo zaidi ya miaka kumi sasa. Lakini wao walipata kwanza hati za kimila za ardhi yao, mwaka 2011, hata ikajulikana wazi nani mwenye mti. Karatasi za mgeni wetu zilikuwa kwa Kiingereza, za miaka arobaini, wala hazikusema kijiji kitapata kiasi gani. Mama mmoja akasimama mkutanoni akauliza, "Je, mjukuu wangu akitaka mti wa kujengea nyumba, atamwomba nani ruhusa?" Mgeni akasema atakwenda kuuliza. Tukamwomba arudi na karatasi za Kiswahili. Mpaka leo twamngoja.

NJIA YA TATU: KUBADILIKA KWA KUGAWANA MZIGO

Iko njia ya tatu, nayo si ndoto, maana wako walioianza.

Tazameni Uingereza na Ujerumani. Uingereza ndiyo iliyoanza kuwauzia watu umeme wa makaa ya mawe, mjini London, mwaka 1882. Tarehe 30 Septemba 2024 ikazima kituo chake cha mwisho cha namna hiyo. Ni jambo kubwa. Lakini machimbo yake mengi yalifungwa zamani zaidi, kwa sababu ya bei na ugomvi wa siasa, baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1984 na 1985, na vijiji vingi vya wachimbaji viliachwa bila kazi. Maumivu yake yasemwa mpaka leo. Wajerumani walifunga mgodi wao wa mwisho wa makaa magumu mwaka 2018, na mwaka 2020 wakaweka sheria ya kuacha makaa yote kwa umeme, mwisho wake mwaka 2038. Lakini sheria zao zikatenga mpaka euro bilioni 40 kwa ajili ya mikoa ya machimbo, ili ipate kazi nyingine. Kufunga mgodi ni kule kule, lakini mmoja amefunga mlango akaondoka, na mwingine amefunga akauliza mtu alale wapi.

Tena iko nchi ndogo ya Kosta Rika, Amerika ya Kati. Walikuwa wamekata misitu yao kwa ajili ya malisho hata ikabaki kama robo ya nchi. Mwaka 1996 wakatunga sheria ya kumlipa mkulima anayetunza msitu, na fedha nyingi zikatoka katika kodi ya mafuta ya magari. Yaani mwenye kutoa moshi humlipa mwenye kutunza mti. Leo misitu yafunika zaidi ya nusu ya nchi hiyo.

Na je, matajiri kwetu sisi? Mwaka 2009 waliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi maskini, ifikapo 2020. Walifikisha kiasi hicho mwaka 2022, wamechelewa miaka miwili, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Mwaka 2024, mjini Baku, waliahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Nchi maskini zilisema hazitoshi. Ahadi ni deni, na deni la mtu mkubwa nalo ni deni.

SIKU YA KUJIBU

Juma likaisha. Nikamwita mwanangu asubuhi, tukaingia ngitilini pamoja. Tukatembea polepole. Nikamwonyesha mkwaju ambao babu yake aliukataza kuguswa ulipokuwa mfupi kuliko fimbo. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzuri: habari za HASHI, habari za Paris, habari za wajukuu. Nikasema yote. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema neno moja tu:

"Baba, yote uliyosema ni kweli. Lakini ada ya mtoto ni mwezi wa kwanza."

Ndugu wasomaji, neno hilo lilinichoma. Niligundua ya kuwa nilikuwa nimefanya kama wale wakubwa wa mikutanoni. Nimemwambia mtu mwenye shida asikate, wala sikumwambia atakula nini. Mimi nilikuwa na ng'ombe zizini. Yeye alikuwa na deni. Maneno mazuri juu ya miti yalikuwa rahisi mdomoni mwangu kwa sababu gharama yake ilikuwa juu ya kichwa chake.

Tuliporudi nyumbani, mama watoto alikuwa akituangalia. Yeye hakusoma sana, lakini hesabu azijua. Akasema, "Mimi ndiye ninayekwenda kuni. Leo natembea hatua mia mbili. Mkiikata, nitarudi kutembea kama mama mkwe alivyotembea, na miguu yangu si ya msichana tena. Lakini mtoto naye asome. Baba watoto, wewe una maksai wanne. Unalima kwa wangapi?"

Nalima kwa wawili. Wengine wawili nilikuwa nawapenda tu. Mfugaji atanielewa, mtu huweza kumpenda maksai kwa sababu ya pembe zake.

Basi tulifanya hivi. Niliuza maksai wale wawili na mtamba mmoja. Ada ikalipwa, deni la dawa likalipwa nusu. Mama watoto akakopa katika kikundi chao cha hisa, na mwanangu akapata pikipiki iliyokwisha kutumika, si mpya. Ngitili hatukuikata, lakini pia hatukuifunga kwa kiburi. Tulikubaliana kwamba tutapunguza matawi kila mwaka kwa kuni na fito, tutatundika mizinga kumi, na majani ya kiangazi tutawauzia majirani. Ekari nne nimempa mwanangu ziwe zake tangu sasa, zimeandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, asingoje mimi nife. Nikamwambia, "Hizi ukitaka kuzikata, kata, ni zako." Mpaka leo hajazikata. Nafikiri mtu hutunza vizuri kitu akijua ni chake.

Sisemi kwamba yote yamekwisha vizuri. Pikipiki yanywa petroli, nayo yatoa moshi. Mwanangu hunicheka kwa hilo, nami sina jibu. Mizinga sita tu ndiyo imeingia nyuki. Zizi langu ni dogo, na kiangazi kikiwa kikali nitaona kasoro yake. Tena umeme umefika kijijini, lakini bado twapikia kuni, maana jiko la gesi na mtungi wake ni fedha. Serikali imesema mwaka 2024 kwamba yataka watu 80 katika kila 100 wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo zuri. Lakini yule aliyeliweka na afikirie pia bei ya kujaza mtungi ule wa pili, wa kwanza ukiisha. Jiko la kupewa bure na kuachwa pembeni limejaa katika nyumba nyingi.

NENO LA MWISHO KWENU

Akina baba, akina mama, mimi si mtaalamu. Sijui dunia itachukua njia ipi kati ya hizo tatu. Labda itachanganya zote, huku hivi na kule vile. Lakini mambo mawili nimejifunza kwa ekari kumi na mbili.

Kwanza, tusingoje ng'ambo. Shinyanga haikurudisha miti yake kwa kungoja. Wageni walisaidia, lakini visiki vilikuwa vyetu na sheria zilikuwa zetu. Mwenye ekari moja aweza kufunga robo. Asiye na shamba aweza kupanda mti mmoja wa kivuli mlangoni, akaulinda na mbuzi miaka mitatu. Mgeni akija na karatasi juu ya miti yenu, msimfukuze, wala msitie sahihi siku hiyo. Mwambieni azisome kwa Kiswahili mkutanoni, akina mama wakiwapo.

Pili, anayemwambia mwenzake asikate, sharti aje na sehemu yake ya gharama mkononi. Neno hili ni la baba kwa mwanawe, ni la mji kwa kijiji, tena ni la nchi tajiri kwa nchi maskini. Kama mimi mzee niliweza kuagana na maksai wangu wa pembe ndefu, wao nao waweza kuagana na kitu.

Jioni moja majuzi mjukuu wangu, yule wa sekondari, alirudi likizo. Tukakaa chini ya ule mkwaju. Akaniuliza una umri gani. Nikamwambia umemzidi baba yako kidogo. Akauangalia, akaupigapiga kwa kiganja kama mtu apigavyo ubavu wa ng'ombe, kisha akaniuliza kama ng'ombe wataingia lini mwaka huu.

Nikamwambia, "Bado. Ngoja majani yakauke."